Koho ya Kanze

Uingereza, nyanda za juu za kusini magharibi
22 Septemba 2024

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na goti limeanza kukupa nafasi ya kulala. Mimi huku sijambo, ila baridi imenizoea kabla mimi sijaizoea. Nisalimie shemeji yangu Dzombo na mkewe Cynthia na watoto, na wifi yangu Bridgit namshukuru sana kwa kuzichapisha barua zangu huko Kilifi na kukupandishia hadi kwako. Najua simu na macho yako hayapatani.

Uliniuliza hii ni kazi gani ya kupiga magoti kwenye matope ya watu, wakati matope ya nyumbani yapo na hayataki nauli ya ndege. Haya, nakujibu. Tuko juu ya mlima usio na mti. Ni nyasi, kondoo na ukungu. Chini ya hizo nyasi kuna kuta za mawe, fupi, zimezama nusu ardhini. Ukipita karibu nazo utasema ni mawe tu yamejikalia. Lakini ukipanda juu zaidi, jua likiwa limelala, unaiona mistari imenyooka, mmoja sambamba na mwenzake, inatoka kilima hiki inashuka bondeni na kupanda kilima cha pili. Ni mipaka ya mashamba, Mama. Walioiweka waliishi miaka kama elfu tatu na mia tano iliyopita, huku kukiwa hakuna hata mtu mmoja wa kuandika jina lake. Hatujui walijiitaje. Kati ya mashamba yao kuna duara za mawe, hiyo ndiyo misingi ya nyumba zao, na milango waliielekeza upande usiopigwa na upepo. Juzi nilikaa ndani ya duara moja nikala mkate wangu. Pale palipokuwa jikoni mawe yameiva yakawa mekundu, na mpaka leo yangali mekundu.

Kuna jambo lilinifanya nikukumbuke. Ndani ya yale mashamba makubwa mna vipande vidogo vidogo karibu na nyumba. Nikawaza dzumbe na koho, kama ulivyonifundisha wewe: dzumbe shamba la wote la asubuhi, koho kishamba cha kila mke cha alasiri. Nilimwambia mkuu wetu wa uchimbaji, akacheka kwa upole, akasema tusiwavishe watu wa kale nguo zetu. Hakukosea. Lakini niliendelea kuwaza hivyo hivyo.

Koho yangu mimi usijisumbue nayo vuli hii. Iache ilale mpaka upone.

Nakupenda na nakuombea.

Mkaza mwanao,
Kanze


Bara ya Matsangoni
17 Novemba 2024

Kwa mwanangu Kanze,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeipata na nimeisoma mwenyewe bila kusomewa, kwa hivyo macho bado yamo. Sisi huku hatujambo, ukiwatoa ngedere, ambao wao hawajambo kutushinda sote. Goti liko pale pale. Lina siku zake na mimi nina siku zangu, tunapishana.

Umenichekesha. Mtu anaambiwa "usijisumbue na koho" na mtu ambaye siku ya kwanza kulishika jembe alilishika kama ameshika nyoka. Nakumbuka siku ile baada ya arusi yenu, nilipokukatia kipande kwenye koho yangu mwenyewe, niliyopewa na mavyaa yangu mimi. Tsuma alikuwa amesimama pembeni anakucheka, nikamwambia acha kucheka, mtoto wa mji wa Barani atalijua jembe wapi, kwao jembe ni kitu cha dukani. Ukalima. Ulilima vibaya, lakini ulilima mpaka mwisho wa mstari, na mimi toka siku ile nilikupenda.

Koho haiwezi kulala mwanangu. Huku kwetu koho ikilala misimu miwili inarudi kwenye dzumbe, na Dzombo ameshaanza kuisema. Si mtu mbaya Dzombo, nimemzaa mimi, lakini ana watoto watano na midomo yao. Juzi kaja kukaa kizingitini pangu akasema, "Mama, Tsuma hayupo. Mwenyewe Kanze yuko Ulaya. Mtoto hawakujaliwa. Sasa ile koho ni ya nani?" Nikamwambia ni ya yule anayeumwa na siafu ndani yake, yaani mimi, na mimi namshikia mkaza mwanangu. Akainuka akaenda zake. Nimepanda pojo na kunde, na kina mama wa mweria walikuja kunisaidia palizi, maana ukisaidia la mwenzako nawe lako linasaidiwa.

Nikiwa kule kwenye koho huzungumza na marehemu Tsuma. Namwambia habari za mbuzi, namwambia mkeo yuko mlimani kwa wazungu anahesabu mawe. Usimwambie mchungaji.

Hebu nijibu. Hao watu wako walikula nini? Na mbona waliondoka? Mtu hajengi ukuta wa mawe kwa mikono yake kisha akauacha hivi hivi.

Vaa soksi mbili mbili.

Mavyaa yako,
Mama Tsuma


Uingereza
16 Februari 2025

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. U hali gani, na goti je? Bridgit ameniambia kwa simu kwamba siku hizi unashuka ngazi ya kanisa kwa upande kama kaa. Nilicheka, kisha nikalia, Mama. Mimi mzima, nilipata mafua makali mwezi wa kwanza lakini yamepita. Alinihudumia mtu mmoja wa kwetu, anaitwa Gona, kwao Mnarani, ni muuguzi katika mji ulio chini ya huu mlima. Alinitafutia unga wa sima mahali ambapo sikudhani kuna unga wa sima.

Sasa majibu yako. Walikula shayiri, na walifuga ng'ombe na kondoo. Na waliondoka kwa sababu ya mvua. Wewe utacheka, wewe unayeitazama mbingu kila Machi kwa macho ya kudai. Lakini hapa kulikuwa na watu walioikimbia mvua. Ilizidi mwaka hadi mwaka, ardhi ikawa chungu, majani yakawa hayaozi vizuri, yakajilundika yakawa tope jeusi linalomeza mguu. Wakashuka mabondeni, nyumba baada ya nyumba. Hawakufa wote, usihuzunike. Walihama.

Lakini sikiliza hili. Msimu huu wa baridi niko chumbani natazama udongo kwa kioo cha kukuzia. Kipande kimoja kidogo karibu na nyumba moja udongo wake ni tofauti. Una majivu, una samadi, una vigae vya vyungu vilivyopondeka. Mtu alikuwa akivichukua jikoni na zizini anakwenda kuvimwaga pale, anachanganya, analima tena. Na mashamba yote ya kukizunguka yalikuwa yamekwisha kuwa nyasi. Majirani walikwisha ondoka, Mama, na mtu huyo akaendelea. Mkuu wetu anasema huenda hawakuwa na pa kwenda, na huenda ni kweli, udongo hauwezi kusema. Mimi nimeandika tu nilichokiona. Lakini usiku nikikaa namwona mtu ana goti.

Ndiyo maana nimefanya jambo na nimefurahi kulifanya. Nimemwandikia Dzombo. Nimemwambia msimu huu wa masika ailime yeye koho yangu, apande akitakacho, nimempa kwa moyo mweupe. Yeye atapata chakula cha watoto, ardhi haitalala, na wewe hutainama mwaka huu. Nashangaa mbona sikulifikiria mapema.

Pumzika sasa, nakusihi.

Mkaza mwanao,
Kanze


Uingereza
27 Aprili 2025

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumai u mzima na mvua zimeanza vizuri. Sijapata neno lako tangu ile barua yangu ya Februari. Nikimpigia Bridgit ananijibu "Mama mzima," halafu anakumbuka ana chungu motoni. Vyungu vya Bridgit vimekuwa vingi mno siku hizi.

Dzombo naye hapokei simu yangu. Je, alilima? Goti limezidi? Kama unaumwa mniambie, nisifichwe kama mgeni.

Mimi sijambo.

Mkaza mwanao,
Kanze


Uingereza
1 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui nimekosa nini ila najua nimekosa. Cynthia nilimtumia salamu za siku ya kuzaliwa ya mtoto, akanijibu kwamba salamu zangu nizipeleke kwa ninayemtaka. Nimeisoma mara nyingi na siielewi.

Nigombeze, Mama. Unigombeze tu ninyamaze nisikie. Lakini usininyamazie, kwa sababu Tsuma alipoondoka nilibaki na wewe.

Kanze wako


Bara ya Matsangoni
29 Juni 2025

Kwa Kanze,

Marahaba. Mimi mzima. Nilimkataza Bridgit asikwambie kitu, kwa hivyo kama una hasira naye zihamishie kwangu.

Nilikuwa sitaki kuandika mpaka niweze kuandika bila kutukana. Leo nadhani naweza.

Asubuhi moja mwezi wa tatu natoka nje naona Dzombo yuko kwenye koho yako na jembe na kikapu cha mbegu. Nikamuuliza unafanya nini hapo? Akasema, "Mama, mimi nimeambiwa na mwenyewe. Kanze amenipa." Akanionyesha simu, na maneno yako yako pale: nimekupa kwa moyo mweupe.

Kanze, mwanangu. Hukuzaliwa huku na mimi sikukufunza kila kitu, kosa hilo nusu yake nalichukua. Mjane huku kwetu hampi ndugu wa marehemu koho yake. Akimpa kwa kinywa chake mwenyewe, amesema jambo moja katika mambo mawili. Ama amekubali arithiwe, ndugu huyo awe mumewe. Ama ameaga, ameondoka nyumbani kwetu, na koho ameirudisha kama mtu anavyorudisha chungu alichoazima.

Sasa fikiria. Kijiji kizima kilichagua la kwanza, maana ndilo lenye utamu wa kuzungumzwa. Kisimani wakaanza kumwita Cynthia "mke mkubwa." Cynthia alifungasha nguo akaenda kwao na watoto wote watano, na Dzombo akabaki anajipikia, na wewe unajua Dzombo hawezi kuchemsha hata maji yakakubali. Alikuja kwangu jioni amenywea, akaniambia, "Mama, mimi nilidhani ni mahindi tu." Aliogopa hata kuishika simu yako. Cynthia amerudi, alirudi alipochoka kukasirika, lakini bado anamwekea chakula mezani kwa kishindo.

Ningecheka, Kanze. Wallahi kama ni nyumba ya jirani ningecheka mpaka nishike mbavu. Lakini mimi nilichagua la pili. Nilijua humtaki Dzombo. Kwa hivyo nikajiambia ameaga. Amemwambia Dzombo, hakuniambia mimi. Nikaketi kitandani nikasema basi, Tsuma sasa amekufa kweli, maana mtu wa mwisho aliyekuwa akimngoja pamoja nami ameondoka.

Na mahindi ya Dzombo yakaota vizuri! Hilo ndilo liliniudhi kuliko yote. Mimi kila msimu naambulia vigunzi vya kuchezea watoto, yeye ameyatupa tu yakawa msitu.

Naelewa sasa kwamba hukujua. Bridgit ameniambia mara elfu kwamba hukujua. Lakini nilipoisoma tena ile barua yako ya Februari, kuna jina la mtu ndani yake, na unga wa sima. Mimi ni mtu mzima. Kwa hivyo nakuuliza mara moja, nawe unijibu mara moja.

Una mtu?

Mavyaa yako,
Mama Tsuma


Uingereza, mlimani
13 Julai 2025

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Asante kwa kuniandikia. Niliisoma barua yako nimekaa juu ya ukuta wa mashamba, na wenzangu wakaja kuniuliza kama nimefiwa.

Nisamehe. Niombee radhi pia kwa Cynthia, nimeshamwandikia peke yake na nimemwambia kwamba Dzombo simtaki hata akija na ng'ombe mia. Sikujua, Mama. Nilidhani nakupunguzia mzigo, kumbe nilikuwa nakupokonya.

Umeniuliza mara moja, nakujibu. Ndiyo. Ni Gona.

Haikuanza na unga. Ilianza siku aliponiuliza Tsuma alikuwa mtu wa namna gani, na mimi nikamweleza mpaka chai ikapoa, na yeye hakuangalia saa. Nilimweleza alivyokuwa akiimba vibaya kanisani kwa makusudi ili ucheke. Nilimweleza lile lori lililomchukua na ile barabara. Miaka minne watu wote wananiambia nisahau, na huyu ndiye wa kwanza kuniuliza. Mama, nampenda. Na Tsuma pia nampenda. Nilidhani pendo moja litamfukuza mwenzake, na halijamfukuza.

Gona anataka kuja kuposa kwa baba huko Barani kabla ya mwaka kwisha. Nilimpigia baba. Akasema sawa, lakini kwanza mambo ya zamani yamalizwe: atakwenda kwako na wazee kurudisha mahari mliyotoa, kama ada ilivyo mjane anapoolewa kwingine, ili mambo yaishe kwa wema. Hilo neno "yaishe" ndilo lililoninyima usingizi. Kwa sababu mimi najua kitakachokwisha. Mahari yakirudi, koho inarudi, na mimi sina tena haki ya kuingia uani kwako nikachukua kata nikanywa maji bila kukaribishwa. Nitakuwa mgeni anayetandikiwa mkeka. Nilikupata nina miaka ishirini na mitatu, Mama, na mimi sina mama mwingine, unajua. Nikiolewa, mimi ni nani kwako?

Sikuombi koho. Iache iende, usilime tena kwa ajili yangu kwenye lile goti. Mahindi ya Dzombo yawe mengi, watoto wale. Na kama jibu lako ni kwamba mambo yaishe, nitalikubali, kwa sababu uliyefiwa zaidi ni wewe. Ila uniandikie wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Hapa tumerudi kuchimba. Jana tulifika chini kabisa ya kile kipande kidogo nilichokwambia, penye udongo wa majivu. Chini kuna michirizi ya plau yao ya mti, imekata ardhi ngumu, ya huku na huku imepishana. Mkuu wetu aliniachia niisafishe mimi kwa brashi. Ilinichukua siku nzima na mvua ilinyesha tu, na sikutaka kuinuka.

Kanze


Bara ya Matsangoni
14 Septemba 2025

Kwa mwanangu Kanze,

Marahaba mwanangu, marahaba tena. Natumai hujambo na huyo Gona hajambo. Sisi hatujambo. Goti nimepelekwa na Bridgit hospitali likachomwa sindano, na sasa nashuka ngazi ya kanisa uso mbele kama watu.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikasirika, na safari hii sikutaka kukudanganya kwamba sikukasirika. Barua yako niliiweka chini ya godoro. Nilitaka ukae mjane wa mwanangu mpaka mimi nife. Hiyo ndiyo kweli, si nzuri lakini ni yangu. Nilitaka kuwe na mtu mmoja duniani ambaye akisikia jina la Tsuma anageuka. Nikaenda kwenye koho kumshtakia Tsuma mwenyewe. Nikasema, mkeo kapata mtu. Nikangoja. Nilichokikumbuka ni vile alivyokuwa hawezi kuona mtu amekaa peke yake, hata kwenye matanga atakwenda kukaa karibu na yule asiyejulikana na mtu. Nikaona aibu, nikarudi nyumbani kupika.

Basi, Jumamosi iliyopita babako alikuja. Alivaa kanzu yake ile ya heshima ijapokuwa si Mwislamu, akiwa na wazee wawili, na mbuzi wamefungwa nyuma ya pikapu wanalia njia nzima. Nikawakaribisha. Dzombo alikaa upande wangu kama kichwa cha nyumba, Cynthia na Bridgit mlangoni. Babako akasema kwa adabu sana, amekuja kurudisha mahari na kumchukua mtoto wake kwa wema, na koho nayo irudi kwa wenyewe, tusibakize deni wala kinyongo.

Dzombo akasema amekubali. Nikamwambia wewe nyamaza kwanza, ulishakubali mambo mwaka huu yakatosha.

Nikawaambia ile koho haikutoka kwa mume wangu wala kwa Tsuma. Ilikatwa kwenye koho yangu, na yangu nilipewa na mavyaa yangu, na yeye alipewa na wake. Ni ardhi iliyopita mikononi mwa wanawake mpaka ikanifikia, na mimi nampa nimtakaye, nampa Kanze kama binti. Mzee mmoja akasema, "Lakini mama, binti hapewi ardhi." Kabla sijafungua kinywa, Bridgit akadakia pale mlangoni, "Na mimi je?" Nyumba nzima ikageuka. Bridgit huyu, ana kazi yake Kilifi, sijamwona na jembe tangu aanze kuvaa viatu virefu! Akasema, "Mama, kama Kanze anapewa kama binti, mimi niliyezaliwa humu ndani nipewe nini?" Nilimtazama nikajua hajawahi kuuliza kwa sababu alijua jibu, na jibu lilikuwa likimuuma miaka yote hiyo. Mimi sikuwa nimeliona. Nilikuwa namtazama Tsuma.

Kwa hivyo tumeigawa, mwanangu, usinune. Nusu yako, nusu ya Bridgit, na ile yangu iliyobaki mimi ningali hai na ninaila. Mpaka tumeupanda mkonge. Mashimo alichimba Dzombo, na yamekwenda upande kidogo kwa sababu Cynthia alikuwa akimwelekeza na wote wawili walikuwa wakicheka, mara ya kwanza tangu Machi. Sikuwarekebisha.

Babako alikuwa bado amekaa na mbuzi wake. Akaniuliza, "Sasa mama, haya mahari tuyafanye nini?"

Nikamwambia ayarudishe Barani. Mahari hurudi mke anapoondoka, na Kanze haondoki, anaozwa. Na mimi ni mmoja wa wanaomwoza. Huyo kijana wa Mnarani akija na kadzama yake, kibuyu cha tembo la mnazi, kuposa kwako, kibuyu cha pili akilete huku juu, akiweke mbele yangu kwa mikono miwili kama anavyowekewa mzazi, na mchungaji ataangalia pembeni. Mwambie mara ya kwanza nitamkataa, hiyo ndiyo ada, asivunjike moyo. Nitamuuliza kwao ni watu gani, na kama anakoroma, na kama atakuruhusu uendelee na mawe yako. Nitamfanyia kila ninachopaswa kumfanyia mtu anayekuja kumchukua binti yangu.

Babako alilia, Kanze. Hakutaka tumwone, akajifanya moshi wa jikoni umemwingia, na jiko lilikuwa limezimwa.

Mama yako